Bibi wa juu ya mawe amekataa unga wetu kwa sababu ya kamera. Tufanyeje?

Mweka Hazina wa Jumamosi (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nisaidieni kulimeza au kulitema.

Sisi ni kikundi cha mazoezi, tuko 26, makazi yetu Igogo hapa Mwanza. Mwanzo ilikuwa kukimbia tu. Jumamosi saa 12 asubuhi tunakutana barabara ya Kenyatta, tunakwenda hadi Mkuyuni na kurudi, tunakunywa chai kwa mama mmoja, kila mtu kwao. Mwaka jana mwenzetu akafiwa na mama yake, tukachanga. Msiba ulipokwisha mmoja akauliza: hivi sisi lazima mtu afe ndipo tutoe hela? Basi tukaanza kutoa elfu tano tano kila mwezi, za kusaidia jamii. Uweka hazina nikapewa mimi, kwa kuwa nina kiduka na watu wanaamini mwenye duka anajua hesabu.

Mwezi wa sita tukasema tuanze na wazee wanaokaa kule juu. Wasioijua Mwanza niwaeleze: ukisimama barabarani Igogo ukatazama mlimani unaona nyumba zimepanda mawe kama mbuzi. Gari halifiki, pikipiki haifiki. Ni kinjia cha miguu kati ya jiwe na jiwe, pengine unapita uani kwa mtu, pengine unapanda kwa mikono. Mwenyekiti wa mtaa akatupa majina ya wazee wanane wanaoishi peke yao. Kila mmoja tukamfungashia unga kilo 10, sukari kilo 2 na mche wa sabuni. Tukavaa fulana zetu mpya za kijani, jina la kikundi mgongoni, tukapanda.

Nyumba nne za mwanzo zilikwenda vizuri, au niseme niliona zimekwenda vizuri. Ya tano tulimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua dagaa. Akatukaribisha kwa furaha kabisa. Akainuka mwenyewe, akaleta maji kwenye kikombe cha bati, tukapokezana watu saba, akajaza tena, tukanywa tena. Ndipo kijana wetu wa picha akamshikisha mfuko: "Bibi shika hivi, geuka huku kidogo, tabasamu."

Bibi akauliza, "Picha inakwenda wapi?"

"Kwenye grupu, bibi."

"Grupu la nani?"

Akaambiwa la wanakikundi, na la wadau, na ukurasa wetu wa Facebook. Bibi akauteremsha ule mfuko taratibu, akauweka juu ya jiwe, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mwanangu yuko Geita anachimba. Simu anayo. Wenzake wakiniona nimeshika unga wa watu, watamwambiaje?"

Tukamwambia basi, hatupigi. Akasema hapana, uchukueni tu, nyumba ile ya chini wana watoto wengi. Hakukasirika. Angekasirika ningepata la kujitetea. Tulipokuwa tunashuka nikakumbuka kwamba dumu moja la maji kupandishwa mpaka pale ni sh. 500, na sisi tumekunywa hadi tukatosheka.

Sasa kikundi kimegawanyika. Tuna wadau wawili Dar na mmoja Muscat, wazaliwa wa hapa hapa, ambao kwa pamoja walituma sh. 400,000. Wanasema bila picha hawatumi tena. Mwenyekiti wetu anataka tuachane na wazee, Desemba twende kituo cha watoto yatima, eti watoto hawakatai picha. Wengine wanataka tukang'oe magugu maji ziwani. Mimi moyo wangu uko kwenye kile kinjia, tukijengee ngazi hata pale pabaya tu.

Daftari linasema hivi: wanachama wametoa 655,000 (wanaodaiwa wanajijua), wa nje 400,000, jumla 1,055,000. Vyakula na sabuni 220,000, usafiri 16,000, fulana 390,000. Imebaki 429,000.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Na hawa wa mbali tunawaonyeshaje kazi bila sura za watu?

Kona ya Igoma

Mkuu mimi nitakwenda kinyume. Picha ndiyo risiti. Watu tumeshachangishwa sana kwenye simu. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma hela ya matibabu ya mtoto, baadaye ikaonekana mtoto hayupo, picha ilitolewa sehemu nyingine. Huyo wa Muscat ana haki kabisa ya kuuliza hela yake imefika wapi. Bibi mmoja amekataa, sawa, aheshimiwe. Mbona wengine hawakukataa?

Mweka Hazina wa Jumamosi

Ni kweli hawakukataa. Ila tangu siku ile nimezirudia zile picha. Babu wa nyumba ya pili ameshika mfuko kwa mikono miwili, anaitazama kamera kama dereva aliyesimamishwa na trafiki na leseni ameisahau nyumbani. Siku ile sikuliona hilo. Niliona babu ameshika unga.

Mwaloni Kila Siku

Fulana 390, vyakula 220. Mkuu, waliosaidiwa hapo ni fulana.

Nimetania. Nimekuja kwa ajili ya hayo magugu, maana mimi nipo Kirumba mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nabeba magunia ya dagaa tangu 2004. Kuna vijana walikuja, nao wana fulana (zao za njano), wakaingia majini hadi magotini, peku, saa saba mchana jua linawaka. Waling'oa haswa, siwezi kuwasema kwa uvivu. Wakalundika ukingoni, wakapiga picha, wakaondoka. Usiku upepo ukageuka. Asubuhi mwalo umejaa tena magugu kama hakuna mtu aliyekanyaga, na lile lundo likanuka wiki nzima. Gugu maji halina kwao, linakaa upepo unapolipeleka.

Kikubwa hasa ni kichocho. Konokono wake wanapenda maji machache yaliyotulia, yenye majani, yaani hapo hapo mnapotaka kuingia. Vijidudu vinatoka kwa konokono mchana wa jua, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, wala huhisi kitu. Na huku kwetu ukingoni mwa ziwa kinachosumbua zaidi ni kile cha tumbo, siyo cha kukojoa damu, kwa hiyo mtu anakaa nacho miaka anadhani ni vidonda vya tumbo. Nina jirani yangu alikuja kushtuka ini limeshaharibika, tumbo limejaa maji. Dawa ipo, prazikwanteli, wanafunzi wanamezeshwa shuleni, ila ukirudi majini unaambukizwa upya.

Mkitaka kazi ya ziwa, fanyeni ya nchi kavu. Chupa za plastiki, vipande vya nyavu chakavu, hivyo havina wa kuvifuata. Atakayegusa maji awe na gambuti na glavu. Na muwaone kwanza watu wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo wenyewe. Na msichague Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku hiyo ya usafi kila kiongozi ana fagio. Njooni Jumanne.

Mama Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kanda hii miaka 31, sasa nafuga kuku Buswelu. Nitaandika kirefu, mtanisamehe.

Kijana wa Igoma, nakuelewa, lakini picha siyo risiti. Picha inasema bibi ameshika mfuko, basi. Haisemi mfuko ulinunuliwa shilingi ngapi, haisemi kama ulibaki kwake. Nikiwa kazini niliona mfuko mmoja wa mchele ukipigwa picha kwenye mikono ya watu watano, jioni umerudi kwenye gari. Risiti ni risiti. Wa Muscat atumiwe picha ya risiti ya duka, picha ya mizigo imepangwa kabla haijapanda mlima, na hesabu kama hii uliyotuwekea hapa, ambayo nimeipenda kwa sababu hata aibu ya fulana hukuificha. Waliopokea waweke saini au dole gumba kwenye daftari, na daftari libaki ofisi ya mtaa, lisirushwe popote. Mwenye shaka aje asome, au ampigie mwenyekiti wa mtaa.

Halafu nakuuliza wewe mweka hazina, na ujibu kwa ukweli: hiyo 429,000 iko kwenye simu yako, siyo? Nenda benki. Watia saini watatu. Kabla ya benki mjisajili, maana kikundi kinachopokea hela ya watu kutoka nje ya nchi bila hata karatasi kinaweza kuwaletea maneno. Igogo mko wilaya ya Nyamagana, kwa hiyo ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya Jiji. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, na barua ya kuwatambulisha ya mtaa na kata.

Kuhusu watoto. Mwenyekiti wenu amesema watoto hawakatai picha. Mtoto hakatai kwa sababu hajui kuwa anaweza kukataa! Kaisome Sheria ya Mtoto ya 2009. Mlango wa kuingilia kituo ni afisa ustawi wa jamii, siyo geti la kituo. Na kwa nini Desemba? Desemba kila kikundi cha mjini hapa kinakumbuka yatima, watoto wanakunywa soda hadi wanaumwa matumbo. Nendeni Februari, viatu vya shule vimeanza kuachama na hakuna anayepita.

Sasa wazee, maana hao ndio nilioguswa nao. Sera ya wazee ya 2003 ilimtaja mzee kuwa ni wa miaka 60 na kuendelea, na wasiojiweza wamekuwa wakiandikishwa na halmashauri kupewa vitambulisho vya matibabu bila malipo. Siku zangu, wa mlimani ndio walikuwa wanakosa. Hawakunyimwa, hawakuweza kushuka siku ya kuandikishwa. Ulizeni kwa mtendaji utaratibu wa sasa ukoje, halafu muwashushe wale wanane, polepole, mmoja mmoja, muwakalishe kwenye foleni na kuwarudisha. Hapo atahitaji picha ya pasipoti. Mpigeni. Huyo bibi hatakataa, maana hiyo atajua inakwenda wapi.

Na la mwisho lisilo na gharama hata ya nauli kubwa: damu. Ninyi ni watu 26 mnaokimbia hadi Mkuyuni, mna afya. Mtu wa miaka 18 hadi 65, kilo 50 na zaidi, anafaa kupimwa na kutoa, mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye selimundu (siko seli), tuna malaria inayokausha damu ya watoto, tuna wazazi wanaotoka damu wakijifungua. Muwaone watu wa Damu Salama. Siku hiyo msikimbie, kunyweni maji, kuleni. Na mkiwa mmelala mmenyoosha mkono, pigeni picha mchoke, wekeni hadi Facebook. Sura zitakuwa zenu.

Fundi Mawe

Mama amemaliza mengine, mimi nabaki na ngazi.

Kwanza shusheni matarajio. Kwa 429,000 hamjengi mlima, mnajenga mita sita au saba. Saruji mifuko minane tu inameza sehemu kubwa ya hela hiyo. Mchanga wenyewe siyo ghali, kinachokula hela ni kuupandisha. Mteja wangu mmoja kule Mabatini alilipa wabebaji zaidi kuliko alivyolipa mchanga. Sasa ninyi mna kitu ambacho mteja wangu hakuwa nacho: miguu 52 inayokwenda Mkuyuni kila Jumamosi na kurudi mikono mitupu. Mazoezi ya Jumamosi yawe ni ndoo ya mchanga kichwani. Mtaona nani anakimbia kweli.

Kokoto msinunue barabarani. Huko huko juu kuna kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo, nunueni kwao, bei ile ile na hela inabaki mlimani.

Ngazi ya mzee isizidi sentimita 15 kwenda juu. Vijana mkipimiana kwa magoti yenu mtajenga ngazi ya askari. Acheni njia ya maji pembeni, tena pana, maana jiwe halinywi maji, mvua yote inashukia hapo hapo, na mkiiziba itaingia sebuleni kwa mtu. Malizeni kabla ya vuli, Oktoba siyo mbali. Na kabla hamjanunua hata msumari, muulizeni anayepita hapo kila siku ni wapi panapomtisha. Msidhani mnapajua.

Kona ya Igoma

Mama Mstaafu, mfuko mmoja mikono mitano, nimenyamaza. Ila la fulana bado mweka hazina hujalijibu.

Mweka Hazina wa Jumamosi

Wakuu nimerudi, imepita wiki mbili na kitu.

La fulana: nilipinga kwenye kikao, lakini nilipinga kimya kimya, moyoni. Ndiyo jibu langu.

Mama, shikamoo. Umejuaje ya kwenye simu? Nilikaa nayo nikaona aibu kama umenipekua mfukoni. Katiba tumeandika, barua ya mtaa tunayo, ya kata tunaambiwa tupitie Alhamisi. Damu tumekwenda kumi na moja. Wawili walirudishwa, mmoja kilo hazikutosha, mwingine presha. Mwenyekiti wetu, yule anayetangulia mbele kila Jumamosi, alipoiona sindano alikumbuka ana mgeni nyumbani.

Jumapili nilipanda kwa bibi. Nilikwenda na dada mmoja wa kikundi, bila fulana, simu nimeiacha dukani. Tulipanda na madumu mawili ya maji, lita ishirini ishirini, na nusu ya njia nilijuta. Tulimkuta anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe. Akatutazama, akasema, "Leo mmekuja bila sare." Maji akayapokea, akamimina kwenye mtungi bila neno. Unga sikupeleka.

Nikamuuliza kama Fundi alivyosema. Mimi nilikuwa na hakika pabaya ni lile jiwe kubwa chini ya nyumba yake, ambalo hata sisi tulipanda kwa mikono. Bibi akacheka. "Pale nashuka kwa makalio, pale hapana shida." Akanyanyuka akatupeleka chini zaidi, kwenye kona ambayo sisi tulipita tunapiga soga. Kuna mpera umeota ubavuni mwa jiwe, na njia imelala upande, changarawe laini juu ya mwamba. Ukikanyaga vibaya unakwenda kusimama kwenye bati la nyumba ya chini. Akatuonyesha anavyopita: ubavu ubavu, mkono wa kushoto kwenye tawi la mpera, mguu unatafuta, kisha mwingine.

Nikalishika lile tawi. Pale anaposhika ganda hakuna kabisa, limelainika limeng'aa kama mpini wa jembe la zamani. Pembeni yake kuna sehemu nyingine imelainika, chini zaidi. Bibi akasema hiyo ni ya watoto wa shule.

Na mpera una mwenyewe, na mwenyewe anataka kuukata aongeze chumba. Tulimbishia hodi siku hiyo hiyo. Amesema atasubiri hadi tuweke bomba la kushikia, ila asicheleweshwe.

Wa Muscat nilimtumia picha ya tawi, nikamweleza. Alikaa kimya siku mbili, kisha akauliza bomba la inchi moja na nusu linauzwaje siku hizi. La picha hakuligusa tena. Mmoja wa Dar amejitoa kwenye grupu. Kituo cha watoto kimesogezwa Februari kwa kura 14, na mwenyekiti bado amenuna.

Jumamosi mbili hizi tumepandisha ndoo 61 za mchanga. Saruji tunaipandisha kesho kutwa. Fundi Mawe, nina swali moja tu: jiwe la pale kwenye mpera ni gumu, patasi inaruka inarudi usoni. Tundu la bomba linatakiwa kwenda chini kiasi gani?

Fundi Mawe

Shubiri moja kamili, isipungue, na bomba mlijaze zege ndani msiliache wazi. Patasi yenu ni ya mbao hiyo, ya jiwe ina kichwa kingine. Nakuja Jumamosi na ya kwangu. Mpera usiguswe hadi bomba likauke siku saba. Chai ni kwa mama yule yule?